Kikapu Kirudi Sokoni
Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Mwenye kukutwa nayo aliwekewa faini isiyopungua shilingi 30,000. Ndugu zetu wa Visiwani walitangulia, mwaka 2006. Hata hivyo, mnunuzi afikaye Mbalizi mikono mitupu hufungiwa nyanya zake katika kifungashio chembamba, nacho mvua ikinyesha hufuata makorongo kuelekea Mto Songwe, uteremkao Ziwa Rukwa. Faini peke yake haimkumbushi mtu kikapu atokapo nyumbani. Mama zetu walikwenda gulioni na vikapu vyao, wala hawakuamrishwa na yeyote. Na ndugu viongozi, ambao magari yao husimama kando ya barabara ya Tunduma kununua viazi, ni wangapi wateremkao na kikapu?