"WRITE OFF": DENI LIMEFUTWA AU BADO?

Tuseme kikundi chenu kilikopa pesa za mizinga ya nyuki. Ukame ukaja, mkashindwa kulipa. Siku moja barua inafika: "Your loan has been written off." Katibu anasoma, anasema, "Deni letu limefutwa!" Watu wanapiga makofi, mtoto anatumwa sukari ya chai. Ndugu zangu, ngojeni kidogo.

"Write" peke yake ni kuandika. Ikiongezwa "off" inakuwa neno lingine kabisa, na maana zake si moja:

1. Kuandika kitu kuwa hasara. Magunia mawili ya mahindi yakioza stoo, mwekahazina huyatoa katika hesabu ya mali na kuyaandika kama hasara.

2. Kuharibika kabisa. Matatu ikipinduka, na kuitengeneza ni ghali kuliko bei yake, watu wa bima husema, "It is a write-off."

3. Kumkatia mtu tamaa. "Don't write him off" ni kusema: usimwone hafai, bado anaweza.

4. Kusamehe deni. Mwaka wa 2023 Baraza la Mawaziri la Kenya lilipokubali kufuta madeni ya viwanda vya sukari vya serikali, magazeti ya Kiingereza yalitumia neno hili hili.

Sasa ile barua yenu ni maana ya 1 au ya 4? Hapo ndipo watu huumia. Mara nyingi benki ikiandika hivyo, imekata tu tumaini la kupata hizo pesa, ikaziweka kwa hesabu ya hasara. Lakini deni bado ni lenu! Inaweza kuendelea kuwadai, na jina likipelekwa CRB, mkienda kukopa kwingine mnaweza kuambiwa hapana.

Kwa hivyo msishangilie bado. Andikieni benki swali moja: "Je, bado tunadaiwa?" Wakisema hapana, ombeni barua ya kuonyesha kwamba deni limekwisha, muiweke kwa faili ya kikundi.

Na nyinyi wenyewe mkiamua juu ya deni la mwanachama aliyeshindwa, katibu aandike wazi kwa kumbukumbu za mkutano: tumemsamehe, ama tumeandika hasara na bado tunamdai? Mkiacha bila kuandika, mwaka ujao mtagombana.