Nyumba Njema si Mlango

Barabara itokayo Kamembe kuelekea kusini hushuka vilima vya Wilaya ya Rusizi hadi ikaingia katika bonde la Bugarama, na mwisho wake ni Ruhwa. Hapo ndipo nchi ya Rwanda inapokoma. Mto Ruhwa, uliolipa eneo hilo jina lake, ndio mpaka, na ng'ambo ya daraja ni Burundi. Bonde hili ni miongoni mwa sehemu za chini kabisa za Rwanda, kiasi cha mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari. Msafiri aliyetoka Kigali na sweta mwilini hulivua kabla hajafika kwenye mashamba ya mpunga, kwani jua la huku halina masihara.

Ruhwa ni mahali pa kazi. Askari polisi, maofisa wa forodha na uhamiaji, wapakiaji wa mizigo, wakulima wa mpunga na akina mama wa soko wamekuwa wakikutana hapo miaka nenda miaka rudi. Watu wa namna hii aghalabu hawakai katika majumba. Chumba kimoja au viwili, ukuta wa matofali ya udongo ambayo Wanyarwanda huyaita rukarakara, paa la mabati, na ua mdogo: hayo ndiyo makao yao. Burundi ilipoifunga mipaka yake na Rwanda mwezi Januari 2024, mapato ya wengi waliotegemea daraja yalipungua ghafla. Fedha ikipungua, hakuna anayeongeza chumba. Kwa hiyo swali lililobaki kwa familia nyingi ni hili: je, watu sita waweza kuishi kwa raha, kwa afya na kwa heshima ndani ya vyumba viwili?

Wahenga walijibu zamani waliposema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Raha ya nyumba haipimwi kwa ukubwa wake. Hupimwa kwa mpango uliomo ndani yake.

ELIMU YA WAZEE

Kuishi mahali padogo si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Nyumba ya asili ya Mnyarwanda ilikuwa ya mviringo na isiyo kubwa, lakini kila hatua ndani yake ilikuwa na jina na kazi. Palikuwa na ikirambi, sehemu ya mbele ya kuketi na kupokea wageni. Palikuwa na uruhimbi, mahali palipoinuliwa ambapo vyombo vya maziwa viliwekwa kwa heshima na usafi. Kitanda kilisitiriwa kwa insika, viambaza vilivyosukwa kwa ustadi, hata mgeni akaweza kuzungumza na mwenyeji pasipo kuona mahali alalapo.

Huko Lamu, pwani ya Kenya, mafundi wa nyumba za mawe walifungwa na urefu wa boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haikuweza kubeba dari pana kupita kiasi cha mita 3, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Wenyeji hawakulalamika. Walichonga zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo, ndani ya unene wa ukuta wenyewe, na ukuta ukafanya kazi ya kabati bila ya kula hata shubiri moja ya sakafu.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, kila kitu kiwe na mahali pake. La pili, ukuta ufanye kazi. Askari anayafahamu mafunzo haya kuliko raia yeyote, maana amefundishwa kupanga mali yake yote ndani ya sanduku moja na kulifungua gizani bila ya kupapasa. Utaratibu huo ukivuka kizingiti cha kambi na kuingia nyumbani, nusu ya dhiki huondoka.

KIPIMO KABLA YA NYUNDO

Tuchukue nyumba yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, inayokaliwa na baba, mama, wasichana wawili na wavulana wawili. Kiambaza kikisimamishwa mita 2.5 kutoka upande mmoja, hupatikana chumba cha wazazi cha mita 2.5 kwa 4. Inayobaki ni sebule ya mita 3.5 kwa 4, nayo ndiyo inayohitaji akili.

Vitanda viwili vya ghorofa, kila kimoja na urefu wa mita 1.9 na upana wa sentimita 90, hupangwa kichwa kwa kichwa kwenye ukuta wa mwisho wa sebule. Jumla ya urefu wake ni mita 3.8, na ukuta una mita 4, vinaenea. Katikati ya vitanda hivyo huwekwa kiambaza chepesi cha mbao au cha mabingobingo kutoka sakafuni hadi darini, na mbele ya kila kitanda hutundikwa pazia lake. Wasichana wana upande wao, wavulana wana wao. Mbele yao hubaki mita 2.6 kwa 4 za kuketi, kula na kusomea.

Mpango huu una faida isiyoonekana mara moja. Watoto wakiwa wadogo hulala popote, lakini wakipevuka hustahili sitara. Mzazi anayengoja mpaka aibu itokee ndipo atafute pazia amechelewa. Gharama ya kiambaza cha mabingobingo ni ndogo sana ikilinganishwa na heshima inayolindwa.

Mchana, vitanda vya chini hugeuka kuwa viti vya wageni baada ya kutandikwa shuka safi. Chini yake huingia masanduku ya nguo, kila mtoto na lake. Meza yafaa iwe ubao wa sentimita 120 kwa 60 uliofungwa ukutani kwa bawaba mbili. Huinuliwa wakati wa chakula na wa masomo, kisha hushushwa. Stuli nne za kupachikana huchukua nafasi ya moja. Seti ya makochi makubwa, ambayo wengi huinunua kwa mkopo ili majirani waione, humeza sebule yote na kuwaacha watoto wakisomea mlangoni.

Sakafu nayo isisahauliwe. Sakafu ya vumbi hufuga viroboto na funza. Bugarama ina bahati ya kuwa jirani wa kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kazi mwaka 1984 kwa kutumia mawe ya chokaa ya eneo hilo hilo. Sakafu ya nyumba yetu ya mfano, yenye unene wa sentimita 5 na mchanganyiko wa saruji sehemu 1, mchanga sehemu 3 na kokoto sehemu 6, huhitaji mifuko sita hivi ya kilo 50. Familia inayoweka akiba ya mfuko mmoja kila mwezi humaliza kazi hiyo katika nusu mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

JOTO, HEWA NA MBU

Katika bonde la Ruhwa adui wa kwanza wa nyumba finyu ni joto. Bati lisilo na dari huufanya mchana uwe tanuri. Askari wa Kenya na Uganda waliowahi kukaa katika vibanda vya mviringo vya mabati wanalijua jambo hili bila ya kusimuliwa. Dawa yake ni dari, na dari si lazima iwe ya mbao za bei. Mabingobingo yaliyonyooshwa na kufungwa vizuri, au mikeka, hukinga joto na kupunguza kelele za mvua.

Anayejenga upya aelekeze kuta ndefu kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Paa litokeze sentimita 60 nje ya ukuta, kwani kivuli hicho hupoza nyumba na pia huyazuia maji ya mvua za masika yasiyatafune matofali ya udongo. Kila chumba kiwe na madirisha mawili yanayotazamana, upepo uingie huku utokee kule. Dirisha moja peke yake ni kama pua yenye tundu moja. Upande wa magharibi pandeni mwembe au mparachichi, nao utakuwa mwavuli wa miaka mingi.

Lakini dirisha lililo wazi karibu na mashamba ya mpunga humkaribisha mbu, na mbu huleta malaria. Kwa hiyo wavu upigiliwe madirishani, na kila kitanda kiwe na chandarua chake, cha juu na cha chini. Kwenye kitanda cha ghorofa chandarua cha chini hufungwa kwenye mbao za kitanda cha juu na kuchomekwa chini ya godoro pande zote.

USINGIZI WA MTU WA ZAMU

Ipo shida moja ambayo vitabu vya mapambo ya nyumba havitaji, nayo ni ya familia za askari na walinzi. Baba au mama amerudi kutoka zamu ya usiku saa moja asubuhi. Anahitaji usingizi, na watoto wanahitaji kucheza. Katika vyumba viwili, mmoja akicheka mwingine huamka. Ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia hapo, wala chanzo chake si chuki, ni uchovu.

Ufumbuzi wapatikana. Chumba cha wazazi kiwe mbali na mlango wa nje. Madirisha yake yawe na pazia zito la rangi ya giza, na mlango wake uwe wa ubao, maana pazia halizuii sauti. Sare, viatu na mkanda vitundikwe mahali pamoja karibu na mlango wa chumba, ili anayetoka usiku asiwashe taa na kuamsha nyumba nzima. Watoto nao wapewe alama wanayoielewa: kitambaa kikining'inia kwenye kitasa, michezo ihamie uani. Mtoto aliyefundishwa hivyo hujifunza kuheshimu kazi ya mzazi wake.

MOTO NA TETEMEKO

Nyumba finyu haisamehi uzembe. Jiko la makaa lisiingizwe ndani hata siku moja, hata usiku wa mvua. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Jiko likae nje, katika banda lake. Anayepikia kuni ajenge rondereza, jiko la udongo linalojulikana kote Rwanda kwa kupunguza kuni na moshi.

Tena, Rusizi imo katika Bonde la Ufa. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Rusizi na Nyamasheke, pamoja na Bukavu ng'ambo. Zaidi ya watu 30 walikufa upande wa Rwanda, wengine wakiwa kanisani. Somo la siku ile lapaswa kuonekana katika kila chumba. Kitu kizito kisiwekwe juu ya kichwa cha aliyelala. Rafu na vitanda vya ghorofa vifungwe ukutani. Njia ya mlangoni isizibwe na magunia. Anayejenga kwa matofali ya udongo azungushe mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta, ushike nyumba nzima kama pete.

Magunia ya mpunga yawekwe juu ya mbao, shubiri moja kutoka ukutani, panya wakose maficho na unyevu usipande.

CHUMBA CHA TATU

Mwenye vyumba viwili ana chumba cha tatu asichokihesabu, nacho ni ua. Kibaraza chenye upana wa mita moja na nusu kando ya mlango huwa sebule ya jioni, darasa la watoto na mahali pa kuchambulia mchele. Pembeni, akarima k'igikoni, yaani bustani ndogo ya mboga ambayo Mnyarwanda huipanda jirani na jiko, hutoa mchicha na vitunguu pasipo safari ya sokoni. Ua uliofagiwa huongeza nyumba. Ua wenye takataka huipunguza.

Mwisho, kila familia ifanye ukaguzi mara moja kwa mwezi, jioni ya siku ya umuganda, ambayo nchini Rwanda ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kila kitu kitolewe nje. Kisichotumika mwaka mzima kipewe anayekihitaji au kiuzwe. Baba asiyaachie haya mabega ya mama peke yake, kwani nyumba haina mtumishi mmoja.

Kesho uhamisho waweza kuja, na nyumba nyingine, pengine finyu zaidi, ikawangoja. Jamaa iliyojifunza kupanga haitaogopa. Itabeba masanduku yake, pazia zake na taratibu zake, na kabla jua halijatua, watoto watakuwa wameketi mezani wakisoma.