Fahamu: Elixir, lugha iliyoitoa Erlang mafichoni

Elixir ni nini?
Ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, iliyobuniwa na Mbrazili José Valim. Toleo la 1.0 lilitoka 2014.

Chimbuko lake
Injini yake ni ya Erlang, lugha iliyozaliwa miaka ya 1980 katika kampuni ya Ericsson, Sweden, kwa ajili ya mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimika. Kazi hugawanywa kwa michakato midogo mingi. Mmoja ukianguka, msimamizi wake huuwasha upya na mingine inaendelea bila habari. WhatsApp ilijengwa kwa Erlang. Hata hivyo sarufi ya Erlang, yenye asili ya lugha ya Prolog, iliwatisha wengi.

Valim alibadili nini?
Hasa sura, na pengine ndiyo iliyohitajika. Sarufi ya Elixir inafanana na ya lugha ya Ruby, waliyoizoea wajenzi wa tovuti. Kisha Chris McCord akaleta Phoenix, mfumo wa kujengea tovuti, na watu wakapata sababu ya kuhamia. Discord, programu ya mazungumzo, nayo inaitumia Elixir.

Kikwazo
Ajira. Waajiri huhofia uhaba wa wataalamu. Wanaotaka kujifunza nao huhofia uhaba wa kazi.