DAWA YA CHOA: NGUVU YAKE HAIONEKANI KWA MACHO



Wengi wanatuuliza: "Kwa nini mnatukataza dawa ya choa inayochotwa kwa kijiko sokoni? Mbona inafanana na ya zahanati?" Swali ni zuri.

Kuna nini ndani yake?
Dawa ya kupaka iitwayo Whitfield ina asidi mbili. Katika gramu 100 kuna gramu 6 za asidi ya benzoiki, inayozuia fangasi, na gramu 3 za asidi ya salisiliki, inayolainisha ngozi iliyokufa ili itoke. Zinazobaki ni mafuta. Asidi ya salisiliki huondoa pia sugu za miguu, lakini katika dawa hiyo inaweza kufika gramu 40 kwa 100. Ukiipaka kwenye choa, itaunguza ngozi. Mtoto akipakwa sehemu kubwa ya mwili, asidi huingia ndani na kumtia sumu.

Hupimwaje?
Macho na pua haviwezi kutofautisha 3 na 40. Maabara kubwa zina mashine ya miale ya infraredi. Miale hiyo haionekani, lakini unaijua: ukikaa karibu na moto, ndiyo inayokupasha joto usoni. Kila kitu hunyonya sehemu yake ya miale hiyo. Asidi hunyonya sehemu moja, mafuta nyingine. Mpimaji hupitisha miale katika dawa kidogo, na mashine huonyesha iliyopungua. Asidi ikizidi, miale hupungua zaidi. Kisha hulinganisha na mchanganyiko ambao kipimo chake anakijua, akapata idadi ya gramu.

Dawa ya kuchotwa sokoni haina karatasi. Muuzaji mwenyewe hajui ina gramu ngapi.

Tufanye nini?
1. Mwenye choa aende zahanati.
2. Usipake dawa hii machoni, mdomoni, sehemu za siri wala kwenye kidonda.
3. Usiongeze dawa ili upone haraka.
4. Ngozi ikiungua, osha kwa maji mengi, acha dawa.
5. Mtoto akitapika, akihema haraka, au akisema masikio yanavuma, mpeleke zahanati mara moja pamoja na kopo la dawa.

Mzazi aliyekwisha kununua asione aibu. Aje na kopo lake, hatutamgombeza.

Mhamasishaji wa afya