Kabla ya Kupiga Picha, Tazama Jua Liko Wapi

Vikundi vingine vya vijana huchanga pesa, hununua kamera, kisha huenda mjini kutafuta wateja. Picha zikitoka na nyuso nyeusi, mteja halipi. Mara nyingi shida si kamera. Shida ni pahali na saa.

Tuchukue mfano wa Kisumu. Mji huu uko karibu sana na Ikweta, kwa hivyo jua la adhuhuri linakaa utosini. Macho yanaingia kivulini na uso unaonekana umechoka. Saa hizo mpelekeni mteja chini ya mti au kando ya jengo lenye kivuli.

Ufuo wa Dunga unafaa mara mbili kwa siku. Asubuhi, ukitazama ziwa, jua liko nyuma yako. Nyuso zinatoka vizuri. Jioni mambo yanageuka: jua linazama upande wa ziwa, na mtu aliyesimama mbele yake anatoka mweusi. Hapo pigeni mashua na maji, ama mgeuzeni mteja alitazame jua.

Basi, mjini kwenu fanyeni hivi:

1. Tembeeni kwanza bila mteja, asubuhi na jioni. Andikeni kila pahali na saa yake.

2. Ombeni ruhusa. Mvuvi au mama wa sokoni si pambo la picha.

3. Msielekeze kamera kambi ya jeshi wala gereza. Mnaweza kushikwa.

Daftari hilo ni mali ya kikundi kama vile kamera. Litunzeni.