Mchezo wa Mtoto ni Darasa Lake la Kwanza

Kila mwaka, madrasa inapopokea watoto wapya, kamati ya msikiti wetu hapa mjini Babati hupokea ombi la namna moja. Mzazi huja na mtoto wa miaka mitatu au minne, akaomba mwanawe asipotezewe muda kwa michezo, bali apewe daftari na kalamu tangu siku ya kwanza. Waombaji hao ni watu wa bidii: wakulima wa mahindi na mbaazi, wafanyabiashara wa sokoni, madereva wa njia ya Arusha na Singida. Wengine waliikosa elimu, wengine waliipata kwa taabu, na hawataki watoto wao wabaki nyuma. Nia yao ni njema na inastahili jibu la heshima. Jibu letu ni kwamba kwa mtoto wa umri huo mchezo haunyang'anyi somo nafasi yake. Mchezo ndio somo lenyewe.

Hilo si jambo geni katika dini yetu. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kuwa Bi Aisha (Mwenyezi Mungu amridhie) alikuwa akicheza na wanasesere pamoja na wenzake nyumbani kwa Mtume (rehema na amani zimshukie). Wenzake walipojificha kwa haya alipoingia, Mtume aliwarudisha kwake wakaendelea kucheza. Imepokewa pia habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Mtume alikuwa akimtania mtoto huyo na kumuuliza habari za kindege hicho. Naye Imam Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliwausia walezi wamwache mtoto acheze mchezo mzuri baada ya masomo yake, kwani kumzuia mchezo na kumchosha kwa masomo mfululizo huufisha moyo wake na kuidhoofisha akili yake.

Waislamu wa Afrika Mashariki nao wana uzoefu wao katika suala hili. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya walihuzunika kuona watoto wao wakishindwa kupata nafasi katika shule nzuri za msingi na kuendelea vizuri ndani yake. Waliomba msaada wa Aga Khan, na mwaka 1986 shule ya awali ya majaribio ikaanzishwa Mombasa chini ya uongozi wa mwalimu Bi Swafiya Said. Kazi hiyo ilienea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Akina mama wa mitaani walifundishwa ualimu, vifaa vikatengenezwa kwa vitu vinavyopatikana jirani, na mafunzo ya dini yakaunganishwa na kujifunza kwa kucheza. Wazee wale walitaka watoto wao wafaulu shuleni bila kuiacha Qur'ani, na njia iliyochaguliwa kuwafikisha huko haikuwafukuza watoto kwenye mchezo.

Siri ya jambo hili si ngumu. Kabla mkono haujaweza kuandika herufi, sharti vidole vipate nguvu na utiifu. Kabla mtoto hajaelewa tarakimu 5 ubaoni, sharti awe ameshika vitu vitano, akaviondoa na kuvirudisha. Kabla hajaweza kumsikiliza mwalimu, sharti ajue kungoja zamu yake. Mambo hayo matatu hayaletwi na daftari, wala hayahitaji fedha. Tunapendekeza michezo ifuatayo, ambayo inawezekana katika nyumba yoyote ya mji wetu.

Wa kwanza ni wa kuhesabu. Mpe mtoto sinia lenye vizibo vya soda na magunzi ya mahindi. Avipange kwa aina, kisha kwa ukubwa. Funika baadhi kwa kiganja chako na umuulize vingapi vimebaki, vingapi vimejificha. Hapo amekwisha kuanza kutoa na kujumlisha bila kuambiwa kuwa ni hesabu.

Wa pili ni wa kumbukumbu. Weka vitu vitatu chini ya ungo: kijiko, kitana na tasbihi. Avitazame, afumbe macho, uondoe kimoja, naye ataje kilichopotea. Nyumba nyingi za Babati huzungumza Kiiraqw, Kigorowa au Kirangi, ilhali darasani mtoto atakutana na Kiswahili. Basi kila kitu akitaje kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili. Hivyo shule haitamkuta mgeni wa lugha, wala hatalazimika kuiacha lugha ya bibi yake.

Wa tatu ni duka. Mmoja awe muuzaji, mwingine mnunuzi. Kopo liwe kipimo, mchanga uwe unga, majani yawe fedha. Mtoto atajifunza kusalimia, kuuliza bei na kurudisha chenji. Mfundishe hapo hapo kwamba kipimo hujazwa sawasawa, kwa kuwa Suratul Mutaffifin imewaonya vikali wanaopunja. Uaminifu unaofundishwa kwa kopo la mchanga huenda ukamfuata mpaka atakapofungua duka la kweli.

Wa nne ni ule wa "nyama, nyama, nyama", ambao wengi wetu tuliucheza. Kiongozi hutaja wanyama mmoja mmoja. Akisema mbuzi au ng'ombe, watoto huruka na kuitikia "nyama!" Akisema punda au paka, hunyamaza na kutulia, na anayeitikia hutoka. Mtoto anapata mambo mawili kwa pamoja: anaanza kupambanua halali na haramu, na anajifunza kuuzuia mwili na ulimi wake. Kujizuia huko ndiko mwalimu anakokuhitaji kuliko kujua herufi zote.

Wa tano ni wa vidole. Tandaza mchanga laini kwenye sinia, umwache achore alif, ba na herufi za Kiswahili kwa kidole. Akikosea, anafuta kwa kiganja na kuanza upya bila aibu. Akifikisha miaka mitano, mfundishe mdako. Mkono unaorusha kijiwe juu na kuokota kingine kabla cha kwanza hakijaanguka hautasumbuliwa na kalamu.

Kabla ya mchezo wowote muulize mtoto: leo utacheza nini? Baada yake muulize: umefanya nini? Maswali hayo mawili humzoeza kupanga jambo na kulisimulia. Jioni, baina ya Magharibi na Isha, vitendawili viifanye kazi hiyo hiyo, kwa kuwa anayetega na anayetegua wote wanafikiri.

Hapana budi tuseme na juu ya simu. Mama anapika, baba amechoka, mtoto analia, naye hupewa simu anyamaze. Hatumlaumu aliyechoka, ila simu humnyamazisha mtoto bila kumjibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa mwaka mmoja asiketishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Shirika hilo lilishauri pia kuwa mtoto wa miaka mitatu na minne aushughulishe mwili wake kwa angalau dakika 180 kila siku, zikiwemo dakika 60 za nguvu kama kukimbia na kuruka. Mtoto wa uani hufikisha kiasi hicho bila kuhesabiwa. Mtoto wa simu hafikii.

Tahadhari ni mbili. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe mbaazi, punje za mahindi wala kokoto, kwa kuwa huziingiza puani au zikampalia kooni. Na michezo yetu isiwe na dau hata la pipi, ili asizoeshwe kamari akiwa mdogo.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeyaweka ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio sambamba na afya, lishe na ulinzi. Lakini programu haiingii uani kwetu kuhesabu vizibo na mtoto. Anayeingia ni mzazi.

Tunawaomba hasa akina baba. Wengi wetu huwaachia akina mama kazi hii, tukidhani heshima ya baba ni ukali. Mtume aliwabeba wajukuu zake na kuwastahamilia hata katika Sala, na hakuna aliyempita kwa heshima. Robo saa baada ya Alasiri inatosha kuanzia. Keti mkekani, mwache mtoto achague mchezo, nawe umfuate. Mtoto ni amana, na umri huu wake haurudi.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu kuwa viburudisho vya macho yetu. Wabillahi tawfiq.