Kutoka Kucheza Hadi Kufundisha

Wasichana wetu wa Voi wakiruka kamba ya katani, watu husema huo ni mchezo wa watoto tu. Kumbe uko mchezo wa Olimpiki unaokaribiana nao: jimnastiki ya mdundo. Msichana hucheza kwa muziki kama dakika moja na nusu hivi, akirusha mpira, hupu au rungu mbili, au akizungusha utepe wa mita 6. Ukiuangusha, alama zinakwenda.

Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles. Mabingwa wa Bulgaria na Muungano wa Kisovieti hawakuwapo, maana nchi zao ziligoma, kama Kenya ilivyogoma 1976 na 1980. Lori Fung wa Kanada akachukua dhahabu kwa alama 57.95. Wa pili, Doina Stăiculescu wa Romania, alipata 57.90. Wengine wakasema ni bahati. Haya, lakini aliyefika ndiye aliyecheza.

Kilichotugusa sisi ni alichofanya baadaye: alifundisha wasichana kwao Vancouver. Aliyewahi kurusha mpira mwenyewe huona kosa mkononi kabla mpira haujaanguka.

Kwetu Taita Taveta, msichana aliyekimbilia shule yake akimaliza Kidato cha Nne, basi, tunamkuta sokoni. Hakuna anayemwita Jumamosi awafundishe wadogo zake. Je, tumewahi kumwomba?

Kamba anayo. Aikanyage katikati, ncha zikifika kwapani, inamtosha.